Shajara ya mradi: Mzee, skana na wale vijana wa shimoni

Wiki ya 1

Naandika hii kwa ajili ya mlioniuliza mradi wetu wa kurithishana ufundi gereji unaendaje, na kwa ajili yangu pia, maana nikikaa miezi mitatu bila kuandika nitakuja kusimulia kama vile kila kitu kilienda nilivyopanga. Kwa asiyejua, mimi ni msimamizi wa gereji ya malori hapa Dar, tuna vichwa thelathini na kitu na matela yake, njia yetu ni ile ile ya Tunduma, Zambia, Kasumbalesa mpaka Lubumbashi. Mafundi kumi na wanne ukihesabu na saidia fundi. Mwezi uliopita bosi kaniita ofisini kasema neno moja tu, Mzee anastaafu mwakani, sasa akiondoka na kichwa chake sisi tunabaki na nini?

Mzee ndo fundi wetu wa injini na breki. Hana cheti hata kimoja, kajifunza kwa kushikilia taa wakati wakubwa wanafunga injini, enzi hizo. Anaweka bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, anafumba macho kidogo alafu anakwambia injekta ya nne, na kweli ukifungua ni ya nne. Shida ni kwamba hamfundishi mtu. Hakatai, tatizo ndo hilo, angekuwa anakataa ningejua nianzie wapi. Ukimpa dogo akae naye atakaa naye vizuri kabisa, watacheka, watakunywa chai, alafu ikifika ile sehemu yenyewe ya kazi Mzee anasema we dogo hebu kimbia kaniletee spana namba kumi na saba, dogo akirudi kitu kimeshafungwa. Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu mara mbili wiki hii.

Kitu cha pili kwenye mradi ni skana. Tulinunua skana ya kusoma kodi za injini, yani zile namba za makosa, na laptopu yake, hela ndefu, mkufunzi akaja siku mbili, ukumbi wa hoteli, vyeti, picha ya pamoja, posho. Leo hii skana iko kwenye droo, imefungwa, na funguo anayo mtu wa stoo.

Wiki ya 2

Nimeamua nisiitishe kikao. Kwenye kikao kila mtu atasema mafunzo yalikuwa mazuri sana na tunaomba yawe endelevu, hiyo hotuba tunaijua wote. Nimekaa nao mmoja mmoja kwa mama ntilie, mchana, nikiuliza swali moja tu, mbona skana haitumiki.

Dah. Majibu yamenishusha. Kuichukua stoo unasaini sehemu tatu, na mtu wa stoo akiwa bandarini basi huna skana siku hiyo. Ikidondoka ikivunjika unakatwa mshahara, hakuna aliyewahi kukatwa lakini wote wanaamini hivo na kusema kweli hata mimi sijui ingekuwaje. Menyu yote kingereza. Lori walilofundishiwa lilikuwa zima, halina kosa lolote, kwa hiyo wamejifunza kubonyeza vitu kwenye gari lisiloumwa. Alafu kati ya sita waliopelekwa mafunzo wawili hata hawagusi malori, mmoja yuko uhasibu, aliingia kwenye orodha kwa sababu kulikuwa na posho, na mafundi waliobaki gereji siku ile wanalikumbuka hilo mpaka leo, wamelikumbuka kuliko mafunzo yenyewe.

Na kuna suala la muda. Kuna Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa kitabu cha jinsi alivojipima mwenyewe kuona mtu anasahau vipi, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana alafu anaangalia baada ya muda zimebaki ngapi, akakuta kusahau kwingi kunatokea mapema kabisa, saa na siku za mwanzo. Sisi gari la kwanza lenye kodi lilikuja wiki tano baada ya mafunzo. Wiki tano! Hata mimi mwenye cheti ukutani sikukumbuka unaanzia wapi.

Jibu la Mzee nimeliacha mwisho kwa sababu bado linanisumbua. Nilimwamkia, nikamwagizia ugali na samaki, nikauliza. Akanijibu bila hasira, binti yangu, nilipokuwa zamani kule nilifundisha kijana mmoja mpaka akaiva, bosi wa kule akapiga hesabu akaona huyu kijana analipwa nusu yangu, mimi nikaambiwa nikapumzike, sasa we niambie, hapa kwenu hesabu inapigwaje?

Sikuwa na jibu. Nikalipa nikaondoka.

Wiki ya 3

Wiki ya aibu. Nilidhani nimepata mchongo, nikamwomba bosi tutoe elfu tano kwa kila fundi atakayeandika mbinu moja ya kazi akatumbukiza kwenye boksi. Boksi lilijaa kwa siku tatu, nikafurahi kweli, alafu nikaanza kusoma. Safisha eakilina, ile filta ya hewa. Pima oili kabla ya safari. Kaza nati za tairi. Mmoja kaiandika ile ile ya eakilina mara tatu kwa maneno tofauti. Wawili wamegombana karibu kushikana mashati, kila mmoja anadai mbinu ya kufungua bearing ya habu ni yake. Mzee hajaandika hata neno.

Ndo nikakumbuka habari ya Xerox ambayo nilikuwa nimeisoma zamani na nikaipuuza, ujinga wangu. Wale walikuwa na mafundi wa mashine za kudurufu, wanazunguka kwa wateja. Miaka ya 1980 kuna mtafiti anaitwa Julian Orr alikuwa anafuatana nao akaona kwamba vitabu vya kampuni haviwasaidii sana, ufundi wenyewe ulikuwa kwenye stori, wanakutana asubuhi kupata kifungua kinywa na kila mtu anasimulia mashine iliyomtesa jana. Baadae kampuni ikajenga mfumo ukaitwa Eureka, fundi anaandika mbinu, mafundi wenzake wanaikagua kama ni ya kweli, ikipita inasambazwa na jina la aliyeitoa linabaki pale pale. Sasa lilipokuja wazo la kuwalipa kwa kila mbinu mafundi wenyewe ndo walilipinga, wakasema mkitulipa watu watajaza idadi, ubora utakufa. Yani mafundi wa Xerox walishanijibu na mimi nikaenda kununua boksi.

Boksi nimelitoa. Hela zilizoahidiwa zimelipwa zote, hata za eakilina, maana ukimruka fundi elfu tano yake mradi umeishia hapo.

Wiki ya 4

Kikao na bosi, saa mbili nzima. Nilidhani ninayehangaika naye ni Mzee kumbe bosi naye ana ugonjwa ule ule. Kasema hivi, nikiwafundisha wakaiva, jirani atawapa nyongeza laki moja watakula kona, nitakuwa nimesomesha watoto wa watu. Nikamwambia bosi, ulichosema ndo alichosema Mzee, wewe unaogopa fundi akiiva ataondoka, Mzee anaogopa kijana akiiva yeye ataondolewa, kila mtu kakalia alichonacho na malori yanaharibikia mlima Kitonga. Alinyamaza kidogo, alafu akacheka.

Tumetoka na vitu vitatu. Kwanza, Mzee akistaafu anapewa mkataba wa mwaka mmoja, siku tatu kwa wiki, kazi yake kufundisha, na umeandikwa na kusainiwa sasa hivi, siyo ahadi ya mdomo. Pili, skana ikivunjika kazini ni hasara ya kampuni, hakuna mtu kukatwa, barua imebandikwa ubaoni. Tatu, kwenye jobkadi, ile kadi ya kuandikia kazi za fundi, kuna mstari mpya wa saa za kufundisha, maana ilikuwa hivi, fundi anapimwa kwa magari aliyotoa, sasa akisimama nusu saa kumwelekeza dogo anaonekana mzembe, nani atafanya hivyo? Hili la tatu bosi kalikubali kwa kununa.

Akanung'unika pia kuhusu SDL, ile tozo ya serikali kwa waajiri, kwamba kila mwezi tunakatwa asilimia fulani ya mishahara yote kwa jina la kukuza ujuzi na yeye haoni ujuzi wowote gereji kwake. Nikasema basi tuifuate. Nimeenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kuulizia ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa anachokiweza na anapewa cheti bila kuanza darasani upya. Nimerudi na fomu. Nilimpa Mzee ya kwake, akasema cheti cha nini na mimi na uzee huu, akaikunja akaiweka mfuko wa ovaroli. Sikusema kitu ila nimeona hakuitupa.

Wiki ya 6

Wiki ya 5 naruka, ilikuwa kubandika karatasi na kubishana na mtu wa stoo.

Jumanne ndo siku yenyewe. Kiliingia kichwa kinavuja upepo wa breki, unasikia shhhh kwenye relei valvu ya nyuma, ile inayoingiza na kutoa upepo wa breki. Kwetu hapo jibu lilikuwa moja miaka yote, badilisha valvu. Gari hilo hilo lilishabadilishiwa valvu mwezi uliopita, limefika Chalinze dereva anapiga simu linavuja tena. Mzee yuko pembeni na chai yake anaangalia. Nikavaa ovaroli nikaingia chini mwenyewe, mbele ya wote, nikapaka povu la sabuni, nikasikiliza, nikabishana na fundi mwingine wa breki, nikakwama. Nikatoka nimejaa grisi mpaka kwenye kilemba nikasema kwa sauti, jamani mimi hapa nimeshindwa, Mzee naomba unifundishe.

Sikupanga. Nilikuwa nimeshindwa kweli. Lakini nadhani ndo kilichofanya kazi, kwa sababu kwa muda wote huo nilikuwa nawaambia wao wajifunze na wao wafundishe, mimi nikiwa na kalamu na faili kama mkaguzi.

Mzee akaweka kikombe chini. Akamwambia dereva, wekeni magogo kwenye matairi, alafu vuta handibreki. Akavuta. Ile shhhh ikakata, kimya. Achia. Ikarudi. Vuta. Kimya. Mzee akatugeukia akasema, valvu ingekuwa mbovu ingejuaje kama umevuta handibreki?

Nikaona vijana wanaangaliana.

Akaendelea taratibu. Lile kopo la breki la nyuma, busta, lina vyumba viwili, kimoja cha breki ya mguu na kingine cha springi ya handibreki. Ukiachia handibreki chumba cha springi kinajaa upepo ndo springi inabanwa, sasa sili ya katikati ikichoka upepo unapenya kwenda chumba cha breki ya mguu, unarudi na paipu yake mpaka kwenye relei valvu, na relei valvu kazi yake ni kuutoa nje. Kwa hiyo unasikia inavuja valvu lakini anayeumwa ni busta. Ukivuta handibreki chumba cha springi kinabaki bila upepo, hakuna cha kuvuja. Unajuaje ni busta ipi? Unaachia handibreki, unafungua paipu ya breki ya mguu kwenye busta moja moja, inayopuliza ndo hiyo. Na usije ukafungua ule mkanda wa busta kichwa kichwa, springi ya mle ndani ikifyatuka inaua mtu, hilo alilirudia mara tatu na mara ya tatu hakuwa anacheka.

Saidia fundi mmoja, yule mdogo kuliko wote, alikuwa ameshaanza kuondoka kwenda kuchukua spana kabla hajatumwa, mazoea. Mzee akamwita, we rudi hapa, spana zipo.

Jioni dogo huyo huyo kaenda kwenye chuma chakavu kaokota relei valvu tulizokuwa tumezitupa, tatu, akazifunga moja moja kwenye gari lililosimama akazipima. Zote tatu nzima. Nimempelekea bosi mezani zikiwa na kutu na grisi yake, sikusema chochote, bei ya moja anaijua.

Wiki ya 7

Sasa tunafanya hivi. Fundi haandiki, anaongea. Anatuma voisi kwenye grupu la wasapu la gereji, dogo mmoja mwenye mwandiko anaigeuza kuwa karatasi moja, mafundi wawili wengine wanaijaribu kwenye gari la kweli, ikikubali inapigwa laminesheni inatundikwa shimoni, pale tunapoingilia chini ya magari, na jina la aliyeitoa chini kwa herufi kubwa. Karatasi ya kwanza ni ya busta. Mzee kapita pale mara nne leo, eti anatafuta tochi.

Namna ya kufundisha nimeichukua kwenye ile programu ya Marekani ya wakati wa vita ya pili ya dunia, TWI, 1940 mpaka 1945. Wazoefu wengi walienda jeshini, viwanda vikajaa watu ambao hawajawahi kushika mashine, ikabidi wasimamizi wafundishwe kufundisha, na zaidi ya watu milioni moja na nusu walipata vyeti vya programu hiyo kabla vita haijaisha. Baadae ikahamia Japani, Toyota wakaichukua. Hatua zake nne tu, mtayarishe mtu, muoneshe huku unaeleza, afanye yeye huku anakueleza wewe, alafu mwachie kazi lakini uwe unapita kuangalia. Hiyo ya tatu ndo sisi hatukuwahi kuwa nayo. Kwetu ilikuwa umeelewa? nimeelewa, basi. Sasa hivi hakuna kuuliza umeelewa, mpe spana aeleze huku anafungua. Na kwenye kadi yao kulikuwa na maneno makali, kwamba mwanafunzi akiwa hajajifunza basi mwalimu hajafundisha. Nimemsomea Mzee, akasema hiyo imeandikwa na mtu mwenye subira kuliko mimi.

Wiki ya 9

Dogo mmoja kasahau kukaza boliti ya kumwagia oili, gari limetoka getini, kabla hata halijafika Ubungo akakumbuka, akaja mwenyewe kuniambia jasho linamtoka. Tulimpigia dereva akasimama, oili ilikuwa imeanza kudondoka ila injini salama. Zamani asingesema, angeomba Mungu, injini ingekufa Morogoro na tungeanza kutafuta mchawi.

Nilibishana na bosi, yeye alitaka onyo la maandishi. Nikamweleza habari ya Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini Marekani akitegemea timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache, akakuta kinyume, timu nzuri ndo zilikuwa zimeripoti makosa mengi zaidi, na maelezo yake ni kwamba hawakukosea zaidi, walikuwa hawaogopi kusema. Bosi akasema hayo ni ya wazungu. Nikamwambia na mficha uchi hazai ni ya wazungu? Onyo likaahirishwa. Kosa limekuwa karatasi ya nne shimoni, na dogo kakubali jina lake liwekwe, sikumlazimisha.

Wiki ya 10

Skana imetoka stoo. Iko kwenye toroli, gereji, na mnyororo. Fundi umeme na vijana wawili wametafsiri kodi zinazotusumbua mara nyingi kwa Kiswahili chao cha gereji, wameandika kwenye daftari la kaunta.

Alhamisi gari limekosa nguvu, skana inasema presha ya dizeli kwenye komoni reli, lile bomba linalogawa dizeli kwa injekta, iko chini. Fundi umeme tayari anataka kuagiza pampu. Mzee, ambaye mpaka wiki hiyo alikuwa anaita skana redio, akauliza filta ilibadilishwa lini? Ikafunguliwa, imeziba, nyeusi tii. Kabadilisha, katoa hewa kwenye mfumo, kodi imefutwa haijarudi. Mzee akasema hiyo redio yenu inasema wapi panauma, haisemi kwa nini. Alafu kesho yake nimemkuta anamuuliza fundi umeme, hii namba hapa ni presha ya sasa hivi au ya wakati lilipokosea? Ndo mara ya kwanza namuona anauliza mtu swali la kazi.

Wiki ya 12

Mbaya. Malori tisa kwa pamoja, mstari wa kufundisha kwenye jobkadi ni sifuri kwa kila mtu. Bosi haoni tatizo. Mimi naliona lakini nami nilikuwa nasukuma magari yatoke.

Wiki ya 13

Yule dogo wa valvu chakavu kaacha kazi. Gereji ya pili kutoka hapa, kaongezewa laki moja na ishirini. Bosi kaniita, hakunigombeza, kaniangalia tu, nikajua anachotaka kusema. Kasema mtoe kwenye grupu.

Nilimuuliza Mzee. Akasema mwache, kule watamletea magari ambayo sisi hatujawahi kuyaona. Nimerudi kwa bosi na hesabu nyingine kabisa, kwamba badala ya kumtoa kwenye grupu tuangalie mishahara ya hawa wawili waliobaki ambao nao wameshaiva, kabla simu hazijaanza kuingia. Hajajibu. Kasema tutaongea Jumatatu.

Dogo bado yumo kwenye grupu, anasoma, hasemi. Mzee kaniletea ile fomu ya VETA, imejazwa na penseli, sehemu ya kiwango cha elimu kaacha wazi, ananiuliza pale aandike nini.